Safari ya Kisangani kwa Mwanangu Aliyekatazwa Kusema

Niliondoka Kindu kwa sababu mtu wa meli alituambia kwamba mtoto wetu hasemi tena.

Huyo mtu alikuwa karani wa mizigo, si mwongo, na alikuja nyumbani moja kwa moja kutoka bandarini, vumbi la magunia likiwa bado mabegani. "Papa Ramazani," akaniambia, "nimemuona Idi kule Kisangani. Nimemusalimia, hakujibu. Alinishika mukono, akacheka, lakini neno, hata moja hakuna. Nikauliza tena. Kimya." Mke wangu alikuwa anamenya mihogo. Aliweka kisu chini, akaingia ndani, akatoka na kanzu yangu ya safari.

"Nenda umurudishe," akasema.

Niwaeleze wasiotujua. Mimi ndiye ninayeadhini katika msikiti wa mtaa wetu, na Idi alipata sauti kwangu, ingawa yake ilikuwa nzuri kuliko yangu tangu akiwa mdogo. Mwalimu mmoja wa shule alimsikia, akamwandikia bibi mmoja wa Kibelgiji aliyefungua shule ya kuimba Kisangani, ile ambayo Wazungu waliiita Stanleyville. Huko vijana walifundishwa opera, yaani hadithi inayoimbwa jukwaani mwanzo hadi mwisho, bila kipaza sauti, na mtu akifa kwenye hadithi hufa akiimba. Idi alikuwa amekaa huko miaka minne. Watu wa Kindu waliponiuliza mwanangu anafanya kazi gani, nilijibu, "Kazi ya koo." Na sasa koo lenyewe limefungwa.

Kupata kibali cha kusafiri kulichukua siku kadhaa za kukaa barazani kwa mkuu wa wilaya. Nilipokipata nilipanda meli ya kwanza iliyoshuka mto.

Melini, Lualaba ilikuwa imejaa, rangi yake kama chai ya maziwa. Tulikaa juu ya tishali iliyofungwa ubavuni mwa meli, katikati ya mafuta ya mawese na kuku, na kila tulipofika mahali pa kuni tulisimama hadi wapakiaji wamalize. Nilifanya kosa la kuwasimulia abiria habari zangu. Mama mmoja muuza samaki wa moshi alisema ni pepo. Mzee wa Kasongo alisema hapana, mapadri wana watawa wasiosema mpaka kufa, bila shaka wamemtia huko. Tangu hapo sikupata raha. Nilipoadhini alfajiri pale juu ya tishali, sauti yangu mwenyewe ilinitia huzuni.

Ubundu mto unavunjika juu ya mawe na meli haziwezi kuendelea, kwa hiyo tulihamia kwenye treni. Injini ilikula kuni na kutema cheche. Tuliokaa mabehewa ya wazi tulipigana nazo njia nzima kwa makofi, na kanzu yangu ilifika Kisangani na matundu. Pande zote ulikuwa msitu mtupu. Jioni tukashuka ng'ambo ya kushoto, tukavushwa kwa feri, na nikaona mji umelala ukingoni, maghala, kanisa kubwa la matofali, na taa zinaanza kuwaka.

Mjini, mtaa wa Mangobo, nilifikia kwa Shabani, mwashi, mtu wa kwetu. Hata kabla sijaketi nilimuuliza habari za Idi.

"Idi? Iko muzima!" akasema. "Juzi alikula hapa lituma, ndizi za kutwanga, sahani mbili."

"Basi kwa nini hasemi?"

"Wamemukataza. Ile madame yake amemukataza. Mimi nilifikiri unajua."

Nilicheka mpaka mke wa Shabani akaniletea maji. Halafu nikakasirika, maana nani anamkataza mtoto wa mtu kusema?

Asubuhi nilikwenda shuleni. Ilikuwa nyumba ndefu ya mabati mekundu nyuma ya maduka, na kila dirisha lilitoa sauti yake: hapa kijana anapanda na kushuka ngazi ya noti, pale msichana anarudia neno moja la Kitaliano, piano mbili zikigombana. Idi alitoka mbio ukumbini. Amerefuka, amejaza kifua. Alinikumbatia akanikaza, na mimi nikangoja aseme "papa". Hakusema. Aliweka kidole kooni, akatikisa kichwa, macho yamejaa machozi.

Nyuma yake alisimama msichana mwembamba mwenye gauni la buluu. "Mbote, papa," akasema. "Mimi niko Georgine. Tunaimba pamoja na Idi. Sasa hasemi, donc mimi namusemea. Anasema karibu. Anasema umekonda. Anauliza mama iko namna gani, na kama mbuzi mweupe alizaa."

Nilimtazama Idi. Alikuwa ameinua nyusi tu na kusogeza mkono kidogo.

"Ameuliza yote hayo?"

"Ndiyo, papa. Na anauliza kanzu yako imefanya nini."

Georgine ndiye aliyenieleza mambo yalivyokuwa. Kulikuwa na mabwana wanakuja kutoka Léopoldville kusikiliza vijana wa shule, na wale watakaowapendeza watapelekwa Ubelgiji kuendelea kusoma. Idi, kwa hamu ya kujiandaa, aliimba masika yote akiwa na kikohozi. Koo likavimba na kufanya vidonda. Daktari akaamuru kimya kabisa. Hata kunong'ona alikatazwa, kwani walisema kunong'ona kunaumiza zaidi.

Madame Odile, mwenye shule, alikuwa mama mnene wa nywele nyeupe aliyewahi kuimba majukwaani kwao mpaka sauti yake ikaisha. Kiswahili chake alikipata jikoni kwa wapishi, lakini alikuwa na adabu. Alinipa kiti na kahawa na kuniruhusu nitazame mafunzo. Niliona vijana wamelala chali sakafuni, kila mmoja na tofali tumboni, wanalipandisha na kulishusha kwa pumzi. Idi naye alikuwamo, tofali lake likipanda taratibu kuliko yote.

Mchana nilipopata nafasi nilimuuliza Idi lile lililonileta. "Mama yako anataka urudi nyumbani. Utarudi?"

Akafungua viganja vyake, akamtazama Georgine. Georgine akatazama chini. "Papa," akasema, "hii anataka kuisema yeye mwenyewe, siku atapona."

Jumatano walinipeleka kwenye maporomoko, nyumbani kwa kina Georgine. Wao ni Wagenya, na baba yake na kaka zake walikuwa huko majini, juu ya magogo yaliyosimikwa kwenye mawe, wanateremsha mitego mikubwa kama vikapu ndani ya povu. Maji yalipiga kelele hivi kwamba sote tulikuwa mabubu kama Idi. Mama yake Georgine alitupokea kwa liboke, samaki waliofungwa majanini, lililotoka motoni, majani yakifuka moshi, akanisogelea sikioni.

"Huyu binti yangu," akapaza sauti, "alijifunza kuimba hapa! Alikuwa anaita kaka zake waje kula! Kama hupigi sauti kushinda maji, watu wanashinda njaa!"

Idi alikula na watu wa nyumba ile kama aliyezoea. Alijua kibuyu cha maji kinakaa wapi. Mimi nilifurahi kwamba mwanangu ana watu wa kumtunza ugenini, na sikufikiri zaidi ya hapo.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ngumu. Daktari aliangalia koo na kusema limepoa nusu tu. Onyesho la mbele ya wale mabwana lilikuwa kesho yake, na Idi na Georgine ndio waliopewa sehemu kubwa, askari na binti wa mfalme wanaoagana. Madame Odile aliniita barazani, Idi akasimama kando.

"Papa wa Idi," akasema, "mimi iko na woga. Akiimba kesho, labda sauti inapasuka, hairudi. Asipoimba, wale mabwana hawatamusikia mwaka huu. Mimi sijui. Yeye anataka kuimba. Nimemuambia: papa yako iko hapa, yeye aseme."

Idi alinikazia macho. Hakuhitaji mtu wa kumsemea. Aliniomba kwa mwili mzima niseme ndiyo.

Sitaficha nilivyofikiri. Nilifikiri kwamba sauti ikipasuka, safari yangu imekwisha vizuri: nitarudi naye Kindu, mama yake atafurahi, na hakuna atakayenilaumu, maana yeye mwenyewe ndiye aliyetaka. Wazo hilo lilinijia na kunikalia kifuani. Kisha nikakumbuka mfungo mmoja ambao koo langu lilikauka, na jirani akaadhini kwa ajili yangu mwezi mzima. Nilivyoteseka! Kila alfajiri nililala macho wazi nikisikiliza mtu mwingine akifanya kazi yangu. Na huo ulikuwa mwezi mmoja tu. Idi ana miaka ishirini.

"Asiimbe," nikasema.

Idi aligeuka akaondoka. Georgine alimfuata hatua chache, akarudi, akanitazama.

Jumamosi, kabla jua halijazama, nilikwenda ukumbi wa mjini. Viti vilikuwa vya Wazungu na Waafrika wachache waliopewa kadi ya ustaarabu, kwa hiyo sisi wengine, wapishi, madereva na wazazi, tulisimama nje kwenye majani, chini ya madirisha. Nilipata nafasi kwenye dirisha ambalo vipande vyake vya mbao vilikuwa vimefunguka kidogo. Vijana waliimba mmoja mmoja, halafu wawili wawili. Mpishi mmoja aliyesimama karibu nami alikuwa akifuta jasho kwa aproni na kusema, "Sikia! Sikia huyu!"

Kisha akatoka Georgine, na nyuma yake, jambo nisilolitarajia, akatoka Idi amevaa koti la askari.

Nilifikiri amenikaidi. Lakini alipofika zamu yake hakufungua mdomo. Madame Odile, pale kwenye piano, ndiye aliyepiga sauti ya askari kwa vidole vyake, na Idi aliicheza: alitembea, alipiga magoti, alimshika Georgine mikono, kifua chake kikipanda na kushuka palepale ambapo pumzi ingepanda na kushuka. Georgine alimjibu kana kwamba anamsikia. Alimwimbia yeye, si watu. Lile pengo la sauti ya mwanangu nililisikia kwa masikio yangu yote, na nilijua ni mimi niliyelichimba. Mpishi aliacha kufuta jasho. Akaniuliza, "Huyu kijana iko bubu?"

"Hapana," nikamjibu. "Anapumzika."

Mabwana wa Léopoldville walipiga makofi, wakanywa vinywaji, na kesho yake wakaondoka bila kumchukua mtu. Walisema watapita tena mwakani. Idi hakuja Mangobo siku hiyo wala iliyofuata. Shabani aliniambia nisijali, vijana hukasirika, lakini sahani ya lituma niliyowekewa ilipoa mbele yangu.

Jumanne alikuja. Ametoka kwa daktari. Aliingia, akaketi mkekani kando yangu, akalaza kichwa chake begani kwangu kama alivyofanya zamani akitoka kusoma Korani. Georgine alibaki mlangoni.

"Daktari amesema kidonda kilikuwa karibu kufunga," akasema. "Amesema kama angeimba Jumamosi, ilikuwa mwisho. Sasa anaweza kuanza kusema, kidogo kidogo, kuanzia kesho."

Nilimshika Idi kichwa.

Siku ya kurudi walinivusha hadi ng'ambo ya stesheni. Idi alibeba mfuko wangu, Georgine alibeba ndizi za makemba na samaki aliotoa mama yake. Treni ilikuwa imeshaanza kupumua moshi. Idi akanisogelea, akameza mate, akasema, polepole, kwa sauti iliyokwaruza kidogo na ambayo niliitambua kama ninavyoitambua hatua yake mlangoni:

"Papa. Nitamaliza shule. Halafu nitarudi." Akapumua. "Lakini sitarudi peke yangu."

Nilimwangalia Georgine. Alikuwa anaitazama injini ya treni kwa bidii sana, kama anayetaka kuinunua.

Kindu, mke wangu alinisikiliza kuanzia cheche za treni hadi stesheni bila kunikatiza. Nilimweleza jinsi Georgine alivyonisomea kila alichotaka mtoto wetu, hadi habari ya mbuzi. Nilipofika kwenye maneno ya mwisho ya Idi alicheka, akashika mwimo wa mlango asianguke.

"Wiki nzima umekaa katikati yao," akasema, "na umengoja mpaka uambiwe?"

"Mimi niliona anatafsiri tu."

"Ramazani. Hakuna mtu anatafsiri nyusi."

Kiangazi kilichofuata mke wangu alianza kuweka akiba ya vitenge kwa ajili ya wageni kutoka maporomokoni. Idi alipokuja, Georgine akiwa pamoja naye, alikuwa na sauti nzito kidogo kuliko ile aliyoondoka nayo, na Madame Odile alisema itazidi kukomaa. Mabwana walikuwa wamepita tena, wamewasikia wote wawili wakiimba, na jibu lao lilikuwa bado njiani. Wanaoniuliza nilijifunza nini katika safari ile huwaambia kwamba mtu anaweza kusimama kwenye majani nje ya dirisha, asisikie hata neno moja la mwanawe, na bado arudi nyumbani akiwa amemsikia.