Siku Tuliyokwenda Kola Kukagua Wema

Kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kina mama kanisani kwetu hapa Machakos, na sehemu ya kazi yangu ni kuandika nani mwema na nani bado. Usicheke. Mwanamke akitaka kuvaa kile kitambaa cheupe cha kichwa, watatu wetu huenda kwake bila kumwarifu, kutazama mwenendo. Mwenendo, kwa jinsi tunavyouelewa, hukaa chini ya kitanda, nyuma ya mlango na ndani ya sufuria. Mimi nilipokaguliwa nilifaulu vizuri sana, maana binamu yangu alikuwa kwenye kamati na alinipigia simu asubuhi.

Safari hiyo tulikwenda Kola, kwa mama mmoja aliyekuwa amekingojea kitambaa kwa miaka mitatu. Alikitaka kweli. Kwetu, bila hicho huongozi maombi, na kwenye mazishi unasimama nyuma na wageni.

Tulimkuta akifua shuka. Sebuleni, kwenye godoro la chini, alilala mwanamke mzee sana asiyeweza kuinuka. Hatukumsalimia. Mwenyekiti wetu, mtu mnyenyekevu anayetukumbusha unyenyekevu wake kila Jumapili, alisimama mlangoni na leso puani.

"Huyu ni mama yako?"

"Hapana, mama mwenyekiti. Ni mama ya bibi ya kwanza ya mzee wangu, yule aliaga kabla anioe. Huko Mwala hakuwa na mtu wa kumwangalia, nikamleta."

"Na hii harufu?"

"Ni mkojo, mama. Nafua mara tatu kwa siku, lakini maji iko mbali."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kwa huruma, kisha akainua pazia kwa vidole viwili aone kama kitanda cha chumbani kimetandikwa. Kilikuwa kimetandikwa, na nadhani hilo lilimuudhi kidogo. Chai tuliikataa, tukasema tumefunga. Tulikuwa tumekula samosa pale stendi.

Kikaoni tulikubaliana kwamba nyumba ya mke mwema hunukia. Mimi, mwenye mwandiko mzuri, niliandika: angoje mwaka mmoja zaidi. Niliona aibu, ndiyo, lakini niliandika, tena nikapiga mstari kwa rula.

Wakanituma mimi nikamweleze, kwa sababu nina sauti ya upole. Nilimkuta akifua tena, beseni likiwa sebuleni kando ya godoro. Nikaketi kwenye kigoda, nikaanza kuzungumza juu ya uvumilivu, fadhila ninayoifundisha vizuri sana inapomhusu mtu mwingine. Alinikatiza.

"Katibu, sema tu. Nilikosea wapi?"

Nikasema ni ile harufu.

Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiwiko kwa kuwa mikono ilikuwa na povu. Ndipo sauti ikatoka godoroni, nyembamba lakini safi kabisa. Kumbe yule mwanamke mzee alikuwa anasikia kila kitu, na siku ile ya ukaguzi alisikia pia.

"Basi mnirudishe Mwala," alisema. "Hata kesho. Huyu mtoto apatiwe kitambaa yake."

"Huendi mahali, mwaitu," yule mama akamwambia, jinsi Wakamba tunavyowaita mama zetu wa kutuzaa.

Akakausha mikono kwenye sketi, akapiga magoti kumgeuza upande wa pili. Mimi sikujua niangalie wapi.