Kinu cha Kifaransa cha Mogitu

Saa mbili asubuhi, ukungu wa Mlima Hanang bado umekalia bati za shule, na nyuma ya jiko michi inagonga kinu. Mgeni angedhani makande ya mchana yanaandaliwa.

"Re!" anaita msichana mmoja na kutwanga. "Ve! Nir!" anajibu mwenzake, mchi wake ukishuka mara mbili. Ndani ya kinu hakuna hata punje.

Pembeni amesimama Leticia Kokushubira, mwalimu wa Kifaransa katika shule moja ya sekondari hapa Mogitu, khanga mabegani, akitikisa kichwa kufuata mapigo.

"Venir ni kuja," anaeleza. "Tanguliza re, sasa unarudi. Tanguliza pré, unamtahadharisha mtu. Mchi wa kwanza ni wa kile kinachotangulia, wa pili unamalizia silabi zilizobaki. Mtoto akishatwanga hivyo, hasahau tena."

Leo ni kipindi cha mwisho. Tangu mkoa wa Manyara uzaliwe mwaka jana, 2002, wazazi wameelekeza macho Babati kwenye ofisi mpya, na bodi ya shule imeamua vipindi vya Kifaransa vipewe somo la kompyuta. Kuanzia Januari, Leticia atafundisha Kiswahili tu. Hana ugomvi na kompyuta. Kinachomuuma ni kuona kazi ya miaka tisa ikifutwa kama maandishi ya ubaoni.

Alipangiwa Mogitu mwaka 1994 akitokea Bukoba, alikojifunza Kifaransa kwa masista. Enzi hizo, jamani! Uso wote unamchangamka anapozitaja. Wageni wazungumzao Kifaransa walikuwa bado wanapita kwenye mashamba ya ngano ya Basotu, na kila mwanafunzi aliamini lugha hiyo ingemfungulia geti la ajira huko. Darasa lilijaa hadi dirishani.

Ila vitenzi viliwatoa jasho. Walikariri kila neno zimazima, na mtihani ukifika, yote yamepeperuka.

Miaka hiyohiyo biashara ilikuwa imeachiwa huru, mashine ya kukoboa mahindi ikafika kijijini, na vinu vikakosa kazi. Kwa jirani yake, Genoveva Akonaay, Leticia alikuta kinu kimelazwa uani na kuku ametagia ndani.

"Nikamwambia, Mama Imakulata, niazime hicho nikafundishie," anakumbuka. "Akacheka mpaka akakaa chini."

Wavulana walikuja juu. Mchi ni wa mama zao, bwana, wao waushike waonekane na nani? Walisimama mikono mifukoni, hadi Gidion, mrefu kuliko wote, alipochoka kufeli na kuunyakua. Siku hizi ni muuguzi katika hospitali ya Haydom.

"Akija likizo anapita kwangu," anasema Leticia. "'Shikamoo, madam,' halafu anagonga meza: re-ve-nir." Anageukia ukutani kidogo.

Kengele inalia. Wanafunzi wanakibeba kinu hadi kwa mwenyewe, mwalimu akifuata nyuma na michi. Huku chombo cha watu hakirudishwi kitupu, kwa hiyo amekitia mahindi.

"Nimekuletea kinu chako, mama," anamwambia Genoveva. "Ahsante. Darasa limekwisha."

Genoveva anachungulia ndani, anamtazama mwalimu, kisha anaivuta stuli na kuisogeza kando.

"Na mahindi haya yatajitwanga yenyewe?"

"Nilijua utayapeleka mashine."

"Mashine iende huko! Mwalimu, binti yangu Imakulata, uliyemfundisha, tulikuwa tukipura naye maharage, fimbo kwa fimbo, na kila fimbo ina Kifaransa chake. Tangu aolewe, napura kimyakimya. Nyumba imepoa." Anawanyooshea kidole wanafunzi waliojipanga kwenye ua. "Hawa uniletee kila Jumamosi. Watwange, mimi nitawapikia makande. Hapa uani kwangu hakuna bodi."

Leticia anataka kuanza hata Jumamosi ijayo. Anataka pia kumtumia ujumbe Gidion, aje awaonyeshe wavulana wadogo namna ya kushika mchi bila aibu. Ana mengi ya kupanga, lakini Genoveva hana subira.

Ameshachukua mchi mmoja na kujifunga khanga kiunoni. Anauinua juu.

"Re!" anatwanga, halafu anasubiri.

Leticia anafuta macho. Kisha anashika mchi wa pili na kuushusha, mara mbili.