Clavier ya Papa Paluku

Bandugu, hata leo nikipita karibu na salle ya paroisse yetu ya Mususa, ile nyumba ya mikutano ya kanisa, nafunika uso.

Sisi bavolontaire tulikuwa tunatayarisha maonyesho ya ordinateur, kompyuta za zamani. Mimi nilipewa kazi ya kuzipanguza, na huku Butembo hatuonyeshake mugeni kitu kichafu. Papa Paluku, secrétaire wa zamani wa paroisse, alileta yake kutoka Kirumba, ameifunga mu kikwembe. Kila touche ya clavier, kila kibonyezo cha kuandikia, ilikuwa na herufi nyekundu ya vernis, rangi ya kucha, imepinda. Nikasema, batoto bamechezea hapa! Nikachukua dissolvant ya dada yangu, ile ya kutoa rangi ya kucha, nikasugua na kitambaa mupaka touche zote zikang'aa, tupu.

Siku ya maonyesho salle ilijaa. Papa alisimama, lakini mimi nikamutangulia, nikapeperusha kitambaa changu: "Ni mimi niliisafisha!" Batu bakapiga makofi. Nikainama kama ministre.

"Aksanti, mwanangu," Papa akasema. "Sasa muangalie clavier. Herufi zilikuwa zimefutika, marehemu bibi yangu wa ndoa akaziandika tena moja moja, na vernis yake. Ndiyo maana sikuiuzisha."

Akavaa lunettes za macho, akainama. Akakawia. Alipoinua kichwa, hakuangalia uso wangu. Aliangalia kile kitambaa mukononi mwangu, bado chekundu.