Ua la Shangazi Mbele ya Wakili

Shangazi yangu alikuwa akiwachora maharusi hina sebuleni kwake, Hodge Hill, huku Uingereza, na kila aliyelisifu ua lake alijibiwa vilevile: "Si langu hilo, ni la bibi yangu." Kwetu Unguja ndiyo adabu, ukisifiwa unairudisha sifa kwa aliyekufundisha. Mimi adabu hiyo ilinichosha tu, mpaka siku tulipokwenda kwa wakili, mtaa wa Moseley.

Mchapaji mmoja wa kadi za harusi alikuwa ameipata karatasi ambayo shangazi alimchorea bi harusi achague ua. Akaichapa kwenye kadi zake. Tulipolalamika akasema hayo ni maua ya jadi, hayana mwenyewe. Shangazi alitaka kitu kimoja tu: mtu yule akiri nani kachora.

Mimi, mwanafunzi wa chuo mwenye kimbelembele, ndiye niliyekuwa mkalimani. Wakili, mama wa makamo, alianza kwa kuuliza kama mchoro ulinakiliwa popote.

"Shangazi, loya anauliza, ume-copy mahali?"

"Mwambie nimeiga kwa bibi. Langu nini hapo?"

Nilitamani kumfinya. Nikatafsiri hivyohivyo, maana kusema uongo pale niliogopa, na kalamu ya wakili ikasimama. Nikajua tumekwisha.

Lakini wakili alimsogezea karatasi mbili: moja achore kama bibi yake, nyingine kama yeye mwenyewe. Shangazi akaweka kiganja juu ya kila karatasi, akakizungushia kalamu, akainamia kazi. Ua la bibi lilikuwa zito, limejaa kiganja kizima. La kwake lilianzia kwenye kifundo cha mkono, likapanda mpaka kidole cha shahada, likaacha peupe pale ambapo mwingine angejaza. Miaka yote nimemtazama akichora na sikuwahi kuliona hilo. Niliona haya, kisha nikashangaa hata nikasahau kutafsiri.

"Nani aliamua hapa pabaki wazi?" wakili aliuliza, mara mbili, ndipo nikatafsiri.

"Mimi. Bibi angenigombeza."

Wakili akacheka, akatueleza. Sheria ya hakimiliki haidai kitu ambacho dunia haijapata kukiona. Inadai kitoke kwako, kisiwe nakala ya kazi ya mtu, na ndani yake uwe umetia kazi na uamuzi wako. Kufundishwa si kunakili. Niliyasema hayo kwa Kiswahili taratibu, kwa sababu sikutegemea kabisa kwamba sheria ya Waingereza ingekuwa na nafasi ya mkono wa shangazi yangu.

Kisha wakili akaigeuza ile karatasi ya pili imwelekee shangazi, akaonyesha pembeni chini: jina la mchoraji liandikwe hapo.

Shangazi alishika kalamu, asiandike. Alikuwa na miaka sitini, na maharusi aliowapamba hawana idadi. Akanigeukia.

"Niandike la nani?"

"Lako, shangazi."

Akaliandika, akalisoma kwa sauti, akalia.