Dakika Mbili za Kukaa Kitini

Harufu ya molasi, ile shira nzito ya miwa wanayolishwa ng'ombe, hainipiti hivi hivi. Ikinifikia kutoka zizi la jirani, tamu yenye uchachu, nakasirika upya, kama nilivyokasirika nikiwa darasa la saba hapa kwetu Matungu. Mwaka huo mimi na Nafula, binti wa shangazi yangu, tuliunda darubini kwa bomba la plastiki. Ilimwaga picha ya jua kwenye karatasi, duara jeupe tulilolizungushia penseli. Shida ni kwamba dunia haijui kutulia: dakika mbili tu, jua limetoroka nje ya penseli. Ili darubini ilifuate, tulifunga mota ya maikrowevu mbovu, ile inayozungusha sahani, tukaipunguza mwendo kwa gia hadi ikamshinda konokono kwa uvivu. Lakini ilikwenda kwa kushtukashtuka, kama mlevi anayetafuta mlango. Wiki tatu tulihangaika. Ndipo nikaiba molasi ya ng'ombe wa Kukhu, nyanya yetu, tukafunga kasia dogo la bati kwenye gia na kulizamisha ndani ya kopo la molasi. Uzito ule ukameza mishtuko yote. Kukhu alikuja na fimbo kumtafuta mwizi. Akaitazama karatasi, akaketi juu ya ndoo, akaangalia kivuli cha paa kikisogea, akairudia karatasi. Fimbo ikashuka. "Mmesimamisha jua kama Yoshua," akasema.

Siku ya maonyesho ya sayansi, ambapo mshindi angepelekwa Kakamega mjini, mwamuzi alikuwa mwalimu wetu wa Kiswahili. Nilimwekea kiti, nikamsihi akae dakika mbili. Hakukaa. Aliinama, akanusa.

"Sasa hii ni mradi ama ni lishe ya ng'ombe?"

"Inazunguka, mwalimu," Nafula akasema. "Ni vile inaenda na jua."

"Mimi sioni kitu ikisonga. Hii imekufa."

Cheti kikaenda kwa feni ya kadibodi iliyonguruma na kuwasha taa nyekundu. Yaani mtu aliyetuandikisha insha ya debe tupu, aliyetukaririsha kwamba haraka haraka haina baraka, alitunyima safari kwa kosa la kutokuwa na haraka. Nafula alilia njia nzima, na kopo la molasi mkononi.

Sasa niko kidato cha tatu, naambiwa nimekua, nisamehe. Sijakua kiasi hicho. Feni ile iliungua kabla muhula haujaisha. Jumamosi iliyopita niliitoa darubini yetu, nikajaza molasi mpya, nikailenga jua, nikaenda kula obusuma, ugali wetu, hata nikaosha vyombo, jambo lililo nadra kuliko kupatwa kwa jua. Niliporudi, jua lilikuwa bado ndani ya penseli. Kando yake nimeweka kiti. Mwalimu akipita Matungu, kipo.