Siku Mama Alipong'ang'ania Maikrofoni

Mimi nikikasirika huwa sinong'oni. Hilo walilijua pale chuo kikuu jioni moja ya mwaka 2019, bwana aliyekaa mbele yetu alipogeuka tena kuninyamazisha. Nilikuwa namtafsiria mama yangu mhadhara sikioni, kama kawaida yetu. Nikamwambia yule bwana, kwa sauti ambayo hata mlinzi wa mlangoni aliisikia, kwamba bango lao linasema watu wote wanakaribishwa, na mama yangu naye ni mtu. Mama akanifinya paja. Kiingereza hakukijua, lakini binti yake alimjua.

Ile mihadhara ilikuwa ya bure. Maprofesa walizungumza kuhusu sayansi na jinsi serikali inavyopaswa kuitumia: maji ya jiji, dawa, kompyuta, umeme. Ukifika mapema unapata chai na sambusa, na hakuna anayekuuliza kitambulisho. Mimi ni fundi cherehani wa Malvern, mtaa wa hapa Johannesburg, barabara ya Jules, na kusema kweli sayansi haikuwa haja yangu. Nilimpeleka mama kwa sababu nilikuwa namwona anazimika.

Mama alifundisha fizikia Likasi, kule Katanga, Kongo, mpaka akastaafu. Baba alipofariki nikamleta Johannesburg, na hapo ndipo alipogeuzwa mtoto. Kliniki, nesi ananiuliza mimi, "Anaumwa wapi?" kana kwamba mama ni kabati. Wanangu, waliozaliwa hapa na wanaosema Kiingereza na Kizulu, walimwita kambo, yaani bibi, kwa mapenzi kabisa, halafu akiuliza jambo wanamjibu, "Kambo, hutaelewa." Hutaelewa! Mwanamke aliyewafundisha mainjinia wa migodini! Akaanza kushinda chumbani, mapazia yamefungwa. Siku moja akaniambia taratibu, bila hasira, "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Hapa nimekuwa mtu wa kulishwa tu." Niliumia sana. Ndugu wa kule walikuwa wameshatawanyika. Kumrudisha kulikuwa ni kumpeleka akazeeke peke yake.

Mihadhara ilimwamsha. Tukirudi alikuwa anabishana na profesa ndani ya taxi, profesa mwenyewe hayupo. Na alikuwa na swali lake moja, kuhusu umeme wa mto Kongo, ambao Afrika Kusini ilikuwa inautamani. "Nataka kuuliza mwenyewe, mbele ya watu," alisema. "Wakinisikiliza, nitakaa. Wasiponisikiliza, unanikatia tikiti." Ndivyo alivyo mama, hana katikati.

Basi baada ya mimi kumfokea yule bwana, mama mmoja wa Kizungu mwenye mvi, mwandaaji wa mihadhara, akatujia. Nikajiandaa kufukuzwa. Kumbe alikuwa ameona kwamba hatuko peke yetu. Nyuma kule kulikuwa na Wakongo, Warundi na Watanzania, walinzi na wasusi, wote wananong'onezana. Akaniuliza kama ningeweza kusimama mbele nitafsiri waziwazi kwa Kiswahili katika mhadhara unaofuata, ambao ungehusu umeme. "Tutajaribu mara moja," akasema. "Ikivuruga mambo, tunaacha." Nikakubali palepale. Kanisani kwetu mimi ndiye mtafsiri kila Jumapili, ningeogopa nini?

Sasa sikiliza kioja cha siku yenyewe. Hakuna aliyeniambia kwamba mtafsiri wa chuo kikuu anakaa pembeni na kusema polepole. Kanisani kwetu mtafsiri anasimama bega kwa bega na mhubiri. Akiinua mkono, unainua. Akijipiga kifua, unajipiga. Akitembea, uko nyuma yake. Ukisimama tu kama mlingoti, watu watasema huliamini neno. Kwa hiyo profesa, bwana mrefu mwembamba, aliponyoosha kidole darini, nami nikanyoosha. Alipokwenda kwenye picha ukutani, nilikuwa visiginoni mwake. Alipoinama kutazama kompyuta yake, nikainama. Ukumbi ukaanza kucheka.

Tena alikuwa anaongea bila kupumua! Mabwawa, mitambo, bei, mawaziri, yote kwa mkupuo mmoja. Nikafanya tunavyowafanyia wahubiri wageni: nikamvuta mkono wa koti. Akashtuka.

"Pole pole, Prof," nikamwambia. "Watu wanakula tonge kwa tonge."

Nikamwona mwandaaji amejifunika uso. Nikajua tumekwisha, tikiti ya mama hiyo. Lakini watu wetu kule nyuma, ambao wamezoea, wakawa wanaitikia "Ndiyo!" kila sentensi ikiisha, na mmoja akapaza sauti, "Rudia hapo!" Profesa akatabasamu. Akaanza kukata sentensi fupi fupi. Akagonga meza, nikagonga. Akanitazama, akaigonga tena makusudi, kwa utundu. Kufika katikati tulikuwa kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Mzee mmoja mwenyeji, safu ya mbele, akasema kwa Kiingereza kwamba amekuja hapa miaka yote na leo ndiyo mara ya kwanza anaelewa. Watu wakaangua kicheko, profesa akiwa wa kwanza.

Ukafika wakati wa maswali. Mama akasimama na kitenge chake cha Jumapili, akapewa maikrofoni. Na kama mtu yeyote wa kwetu mwenye adabu, hakulirukia swali. Akamsalimu mwandaaji, akamsalimu profesa, akausalimu ukumbi. Akawapa wenyeji pole kwa zile zamu za kukatiwa umeme. Akashukuru kwa chai. Mwandaaji anatazama saa, mimi natafsiri jasho linanitoka.

"Nchi hii inataka umeme wa mto wetu," hatimaye mama akasema. "Kwetu tayari uko waya mkubwa unaotoka mtoni mpaka migodi ya Katanga, na vijiji vilivyo chini yake viko gizani. Je, waya huu mpya nao utawaruka watu?"

Profesa akajibu vizuri, kwa heshima. Alieleza kwamba umeme wa waya kama ule, wa mkondo wa moja kwa moja, haudokolewi njiani kirahisi, kila mahali unahitaji kituo kikubwa cha kuubadilisha, na vituo hivyo ni ghali mno. Nikatafsiri. Watu wakapiga makofi. Mwandaaji akashukuru, akasema muda ni mfupi, swali linalofuata tafadhali, akanyoosha mkono achukue maikrofoni. Mama akaikumbatia kifuani.

"Mwambie sijamaliza."

Jamani, moyo wangu! Lakini mtafsiri ni mtafsiri. Nami nikaikumbatia yangu kifuani, nikasema kwa ukali uleule: hajamaliza.

"Hayo ya mkondo na vituo nimeyafundisha mwenyewe," mama akaendelea. "Nilianza kazi kijijini, nikawafundisha watoto waliojisomea kwa koroboi, na waya huo unapita juu ya paa la shule. Sikuuliza kama ni vigumu. Ninauliza ni akina nani waliokaa wakaamua, na sisi safari hii tutaitwa, au tutaangalia tena waya ukipita juu yetu?"

Nilipomaliza kulitafsiri, mwandaaji akafungua mdomo atukatize. Profesa akainua mkono kumzuia, nami, kwa mazoea, nikainua wa kwangu.

"Sijui kama mtaitwa," profesa akasema. Hakunitazama mimi. Alimtazama mama, na akaendelea kumtazama hata nilipokuwa natafsiri. "Mnapaswa kuitwa. Ungekuwa wewe kwenye meza ya wanaoamua, mama, ungeanzia wapi?"

Machozi yalikuwa yananitoka na sikujali. Nilimrudishia mama swali hilo neno kwa neno. Akafikiri. Kisha akanipa mkoba wake.

"Nishikie," akaniambia, akapanda jukwaani na kumwomba profesa kalamu ya ubaoni.