Misumari ya Skelby

Hebu mwone anavyokuja. Jumapili asubuhi, mavuno yameisha, na mvua ya Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza, haijaamua kama inyeshe au iache. Mzee Wilf Sardeson analisukuma lango kwa goti kwa sababu mikono imejaa: huku mashine ya kutafutia metali, huku sepetu na chupa ya chai. Anavuta hedifoni juu ya kofia yake ya sufu, kisha anaanza kutembea polepole, akiipitisha mashine kulia na kushoto kama mtu anayefagia uwanja usiokwisha.

Kwa miaka kumi na tisa alilifagia shamba hilohilo. Alikuwa fundi wa bomba kwenye kiwanda cha sukari hadi alipostaafu, na ukimuuliza anatafuta nini, angekujibu bila kuona haya kwamba anatafuta kijiji. Skelby, kilichoonekana kwenye ramani moja ya zamani, kisha basi. Yeye aliamini kimelala pale, chini ya ngano ya Clive Dannatt. Ushahidi wake ulikuwa sarafu za shaba, kubwakubwa, za wafalme wa kale, zilizolika hata uso wa mfalme ukabaki laini kama yai. Kila aliyoifukua aliitia kwenye bahasha, akaandika ni hatua ngapi kutoka langoni. Mkewe, Noreen, alikuwa akisema nyumba yao ina wafalme wengi kuliko vijiko.

Clive naye hakuishiwa utani. Kila akipita na trekta alimwuliza kama ameshalifukua taji la mfalme, na kama litamtosha yeye Clive, maana kichwa chake ni kikubwa.

Siku moja mwezi wa Novemba alisimama langoni bila utani. Kampuni ya kokoto ililitaka shamba, na halmashauri ingeamua baada ya wiki mbili. Hana mtoto wa kumwachia, alisema, na magoti yamemchoka. Wilf hakumlaumu. Ila alijua jambo moja: akithibitisha kwamba watu waliwahi kuishi pale, wachimbaji watazuiwa mpaka wataalamu wapachunguze. Kesho yake akapanda basi kwenda makumbusho, bahasha zote mapajani.

Bi Imogen Fytche, mwenye kazi ya kuandikisha vitu vinavyookotwa mashambani, alizitazama sarafu moja moja mpaka chai yake ikapoa.

"Mzee wangu," akasema, "hizi zilikuja na samadi."

Akamweleza kwamba zamani uchafu wa mjini, majivu na kinyesi cha vyooni, ulibebwa kwa mikokoteni ukamwagwa mashambani, pamoja na chochote kilichowadondoka watu. Sarafu hizo zilionyesha tu kwamba kuna mtu wa mjini aliyetobokewa na mfuko.

"Sasa kijiji utakijuaje?"

"Kwa misumari. Nyumba ikioza, misumari hubaki palepale iliposimama. Ya kwako iko wapi?"

Wilf akaitazama mikono yake. Watafutaji wote hufanya alivyofanya yeye: siku ya kwanza kabisa unaizima sauti ya chuma kwenye mashine, la sivyo utashinda ukifukua minyororo na makopo. Aliizima miaka kumi na tisa iliyopita, hakuiwasha tena.

Alirudi shambani jioni ileile. Ngano ilikuwa imechipua, kijani, urefu wa kidole. Na mtafutaji hakanyagi mazao ya mtu. Wala haombi, kwa kuwa ukiomba umemlazimisha mwenye shamba kukataa. Alisimama langoni mpaka giza likaingia, akaenda zake. Halmashauri ilimpa dakika tatu za kuongea. Alionyesha sarafu, na kampuni ikapewa kibali.

Masika matingatinga yalikwangua udongo wa juu na kuurundika ukingoni mwa shamba, mlima mrefu kama treni. Clive akampigia simu aje aupekue akitaka. Safari hii Wilf aliwasha sauti ya chuma. Mashine ikakoroma hapo hapo, na haikunyamaza. Alichota kwa kiganja: msumari, mwingine, mingine mitatu, yenye vichwa vilivyopondwa na nyundo ya mhunzi. Kila alipochota palikuwa na misumari, na hakuna hata mmoja uliobaki mahali pake.

Clive alipokuja kutazama, Wilf akamwambia habari ya ile jioni ya Novemba aliyosimama langoni bila kuomba. Clive akavua kofia, akaivaa tena.

"Ungesema tu, Wilf. Ile ngano nani angeivuna, na shamba linakwenda kuchimbwa?"

Wilf alifuta udongo kwenye msumari mmoja, akatoa bahasha mpya na kalamu, akainama kuandika hatua ngapi kutoka langoni. Kalamu ikasimama.

Ungekuwa wewe, msomaji wangu, ungeandika nini?